Mkubwa Akishitakiwa Hufanyaje?

Kijana akikamatwa na mbuzi wa jirani pale Kasongo, usiku huo huo analala kasho. Asubuhi mama yake anazunguka kuomba makuta, jioni baiskeli ya nyumbani imeshauzwa. Hakuna aliyemwonyesha karatasi, hakuna aliyemuuliza kama ana wakili, na kesi yake inamalizikia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwa bei.

Sasa tazameni kesi ya mtoto mwingine wa Maniema. Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Mwaka 2014, wakati wake, serikali ilizindua shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, likameza zaidi ya dola milioni 200 na mwishowe likaanguka. Wakaguzi wa fedha za serikali, IGF, walitoa ripoti yao 2020. Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ikasema haina uwezo wa kumhukumu. Kesi ikarudi, ikaahirishwa, ikarudi tena, hadi 20 Mei 2025 alipohukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu. Yeye anasema ni siasa tupu, na mimi sitaki kuingia hapo. Ninachotaka mwone ni mwenendo wake. Mtu huyu alijitetea akiwa na mawakili.  Mawakili hao walipinga hata uwezo wa mahakama kumhukumu, kwa vifungu vya sheria.

Watu wengi wakisikia habari hiyo hutamani mkubwa naye atupwe kasho kama mwizi wa mbuzi. Ninaelewa hamu hiyo, lakini naona inatupeleka pabaya, kwa sababu inakubali kwamba kasho bila karatasi ndiyo haki ya kawaida. Kinga alizotumia waziri mkuu hazikuandikwa kwa ajili ya mawaziri wakuu. Ziko katika Katiba ya 18 Februari 2006, na mchimba dhahabu wa Salamabila ametajwa humo sawasawa na yeye. Kifungu cha 12 kinasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Najua mnacheka. Chekeni, kisha tuendelee, kwa sababu tofauti kubwa kati yetu na wakubwa ni kwamba wao wanaomba kinga zile, nasi hatuziombi.

Tuanze na chanzo cha hasira inayowatoa watu barabarani na kuwafikisha kasho. Kwa upande wa Kabambare hasira ina makao, nayo ni milima ya Namoya: Mwendamboko, Kakula, Muviringu. Dhahabu ya huko ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, ikaja kampuni ya SOMINKI mwaka 1976, kisha kampuni ya Banro kutoka Kanada, iliyotia saini mkataba wake na serikali mwaka 1997. Uzalishaji wa kibiashara ulitangazwa kuanzia Januari 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa milima hiyo waliambiwa waondoke, na ahadi za kazi, barabara na shule zikawa wimbo wa kila mkutano. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa mwaka 2017, wengine wakatekwa tena 2019, na Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi. Yote haya mnayajua kuliko mimi. Ninachoshangaa ni kwamba nikiwauliza watu wa huko wanadai nini hasa, wengi hunijibu, “Haki yetu.” Kiasi gani? Kutoka kwa nani? Hapo kimya.

Dai lisilo na kiasi halilipiki. Kodi ya Madini, yaani sheria ya 2002 iliyorekebishwa 9 Machi 2018, imeweka hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Kampuni inayochimba dhahabu kwa mashine inalipa mrabaha wa asilimia 3.5 ya thamani ya dhahabu inayouzwa. Mrabaha huo unagawanywa hivi: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta, shefri au mji ambamo dhahabu imetoka, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo dhahabu ya dola 100,000 ikitoka, mrabaha ni dola 3,500, jimbo, kule Kindu, linapata 875, na sekta yenu inapata 525. Pembeni ya hiyo, kampuni inapaswa kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi, yaani dola 300 katika zile 100,000. Pesa hiyo husimamiwa na chombo chenye wajumbe wa jamii pamoja na wa kampuni. Tena kuna kaye de sharji, daftari la masharti, ambamo kampuni inaandika itajenga nini, wapi, na kwa tarehe gani.

Ni pesa kidogo? Kwa dola 100,000, ndiyo. Kwa mgodi unaouza kwa mamilioni kila mwezi, ni shule na zahanati. Swali la kwanza la mwananchi basi lisiende kwa mzungu wa kampuni wala kwa Leta ya Kinshasa. Liende kwa shefu wa sekta: mwaka fulani zile asilimia 15 ziliingia? Ziliingia katika akaunti gani? Zilifanya nini? Swali hilo linauma zaidi kwa sababu anayeulizwa tunakula naye ubwabwa. Na mgodi ukiuzwa kwa mwenye mali mwingine, msikubali kuambiwa kwamba ahadi zilikwenda na mwenyeji wa zamani. Kodi ya Madini inamtaka anayechukua kibali ajifunge kubeba wajibu wote wa yule aliyetangulia, kwa serikali na kwa watu wengine.

Wachimbaji wadogo wana mlango wao. Sheria inawatambua wakiwa na kadi, wakiwa ndani ya koperativi iliyokubaliwa, na wakichimba katika eneo lililotengwa kwa ajili yao, huku SAEMAPE, idara ya serikali ya wachimbaji wadogo, ikiwasaidia. Asiye na hayo, hata kama babu yake alizaliwa juu ya shimo, mbele ya hakimu ni mvamizi. Haipendezi, najua. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki huvuka mipaka kwa siri kwenda Bujumbura, Kampala na Dubai, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo miaka mingi mfululizo, na wanaoivusha hawaonekani kasho. Anayeonekana kasho ni yule mwenye matope miguuni. Koperativi yenye karatasi haitaondoa dhuluma hiyo, ila inamwondolea askari wa bariyeri kisingizio kimoja.

Kabla ya kuandamana, tumieni kifungu cha 27. Sijui kwa nini kinasahauliwa, maana ni chepesi kuliko vyote. Kila Mkongo, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kupeleka petisio kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena kifungu hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka petisio. Andikeni ukurasa mmoja, wenye madai mawili au matatu. Madai kumi na tano yanampa mkubwa nafasi ya kujibu lile rahisi na kuyanyamazia mengine. Tajeni kiasi, mwaka na kijiji. Wanaojua kuandika wasaini, wasiojua waweke dole gumba, na majina ya wanawake yasiachwe mwishoni kama nyongeza, kwa sababu wao ndio wanaotembea hadi mtoni wakati bomba lililoahidiwa halipo. Nakala zipelekwe kwa gavana na kwa Bunge la jimbo Kindu, na kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH. Hesabuni miezi mitatu. Wakijibu vibaya, mna jibu la kuwaonyesha watu. Wakinyamaza, mna ukimya wenye tarehe.

Hapo ndipo maandamano yanapokuwa na maana. Kifungu cha 26 kinataka waandaaji wa maandamano ya barabarani waijulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha ni tofauti na kuomba ruhusa. Maafisa wengi bado wanashika sheria ya zamani, dekre ya 29 Januari 1999, na watawaambia, “Sijawapa ruhusa.” Msibishane nao kwa sauti. Barua yenu iseme “tunakujulisha”, itaje kifungu cha 26, siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, njia mtakayopita, sababu, na majina ya watu watatu wanaosimamia. Ipelekeni kwa administrateri wa teritwari siku kadhaa mapema, nakala kwa kamanda wa polisi. Daini akize, yaani muhuri wa kupokea juu ya nakala yenu. Sekretari akikataa kupiga muhuri, na atakataa, andikeni pale pale nyuma ya nakala siku, saa na jina la cheo chake, mashahidi wawili wasaini, na picha ya simu ipigwe. Afisa akitoa katazo, naye mwombeni aliandike. Katazo la mdomo ni gumu kulipinga popote.

Njia mtakayopita mwifikirie sana. Msifunge barabara ya soko: mama wa muhogo akikosa kuuza siku moja, watoto wake hawali, na ndiye mliyesema mnamtetea. Msipite karibu na kambi ya jeshi wala ghala la kampuni. Wekeni watu wa nidhamu wenye kitambaa mkononi, wazee na akina mama kati yao, na mmoja ajue kuzungumza na kamanda bila kumtukana. Wanafunzi wa shule ya msingi wabaki nyumbani. Na mdomo mmoja ukianza kutaja kabila la mtu, simamisheni maandamano hapo hapo. Katika nchi ambayo Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengineo wameoana, neno moja la namna hiyo linaweza kuzika dai zuri la miaka kumi.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa sitapunguza maneno. Katika Kabambare, kundi la Mai-Mai Malaika lilisema linadai yale yale yanayodaiwa na raia: kazi, barabara, ahadi za kampuni. Huenda wengi wenu mliona, walau wao wanasikika. Lakini dai likishashikwa na mtu mwenye bunduki linaacha kuwa lenu. Raia akikutwa na silaha ya kivita anaweza kupelekwa mahakama ya kijeshi. Mashtaka yanageuka kuwa kundi la wahalifu au uasi, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifo, na Machi 2024 serikali iliondoa usitisho wa kutekeleza adhabu hiyo uliokuwepo tangu 2003. Kwa hiyo semeni wazi, kwa maandishi, ndani ya barua ile ile, kwamba hamna uhusiano na kundi lolote lenye silaha. Mgeni akija kwenye mkutano wenu na ahadi ya “kuwalinda”, mshukuruni, fungeni kikao, mkutane siku nyingine mahali pengine. Hata bila bunduki, tazameni yaliyowapata vijana wa harakati ya kiraia ya LUCHA kule Beni: waliandamana kwa amani kupinga hali ya dharura ya kijeshi, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawafunga zaidi ya kumi kati yao miezi 12. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali hiyo tangu Mei 2021, na raia wa huko wakapelekwa kwa majaji wa jeshi. Maniema haikuwekwa. Mkijibiwa kwa lugha ya hali hiyo ya dharura, wakili wenu aseme hivyo mapema.

Sasa mtu amekamatwa. Mkubwa hufanyaje? Anatazama saa. Fanyeni hivyo. Andikeni saa na mahali alipokamatwa, na nani alimkamata. Kifungu cha 18 kinasema aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili wake, na asizidi saa 48 mikononi mwa polisi kabla ya kuachiliwa au kupelekwa kwa mamlaka ya mahakama. Watawaambia barabara ni mbovu, pikipiki haina mafuta, mkuu amesafiri. Barabara kweli ni mbovu. Ombeni basi waandike wenyewe kwamba hawakuweza kumpeleka, na kwa nini. Saa 48 zikipita, barua fupi iende kwa prokireri: fulani, alikamatwa siku fulani saa fulani, yuko kasho fulani, hajafikishwa. Mistari mitano inatosha.

Prosevebali, ile PV, yaani maandishi ya mahojiano, huandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba, kwa hiyo mtu asione haya kusema, “Nisomee kwa Kiswahili kabla sijasaini.” Kama iliyosomwa si aliyosema, akatae kusaini au aandike chini kwamba hakubali. Anaweza pia kukaa kimya hadi wakili afike. Si dharau. Mawaziri hufanya hivyo kila siku.

Kisha ndugu mmoja hachukuliwi badala ya mwingine. Kumfunga baba kwa sababu mwana amekimbia ni desturi ya kale ya kasho zetu, nayo inakatazwa na kifungu cha 17: kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Nimekisikia kifungu hiki kikitajwa na mama mmoja muuza mafuta ya mawese, bila kusoma popote, aliambiwa tu na mwanawe. Kamanda alimtazama muda mrefu, kisha akaagiza mzee atolewe. Haitakuwa hivyo kila mara. Ilikuwa hivyo siku ile.

Pesa. Kumtembelea mfungwa hakuna bei. Kupeleka chakula hakuna bei. Faini ya mapatano, amande, ipo kisheria kwa makosa madogo, lakini pesa yake ni ya hazina: kuna note de perception, kuna malipo, kuna risiti. Dhamana ya kuachiliwa kwa muda nayo ina risiti. Siwezi kuwaambia msilipe kamwe pesa ya mlangoni, maana sijalala kasho mwanangu akiwa na malaria ndani. Lakini anayeidai aulizwe kwanza, kwa adabu, mbele ya mtu wa pili: “Baba, risiti nitaipata wapi?” Bei hushuka kwa swali hilo, na mara nyingine hupotea kabisa. Anayelipa, aandike kiasi, siku na mahali katika daftari la nyumbani.

Kuna kosa moja ambalo pesa haiingii hata kwa risiti, na hapa nawasemesha wazee wa familia na mashefu. Ubakaji. Sheria mbili za 20 Julai 2006 zimekataza kumaliza kesi ya ukatili wa kingono kwa amande, na zimeagiza uchunguzi wa kwanza uishe ndani ya mwezi 1, hukumu itoke ndani ya miezi 3. Mbuzi wawili na pagne kwa baba wa binti si mapatano, ni kumwuza mara ya pili. Binti apelekwe zahanati upesi iwezekanavyo, ndani ya siku tatu kama njia inaruhusu, kwa ajili ya dawa za kinga. Nguo alizovaa zisifuliwe, na kila karatasi ya daktari ihifadhiwe. Anayewaambia “tuyamalize kinyumbani” mara nyingi ana mtu wa kumlinda.

Mtaniuliza karatasi hizi zote zilimsaidia nani. Oktoba 2004 jeshi liliingia mji wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru huko Katanga, kuzima uasi mdogo. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Kampuni ya madini ya Anvil ilikuwa imetoa magari na usafiri kwa jeshi. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washitakiwa juu ya mauaji hayo, pamoja na watu wa kampuni. Ilionekana imekwisha. Lakini kulikuwa na majina yaliyoandikwa, na mashirika yaliyokuwa tayari kuyabeba hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wake ulitangazwa 2017: Kongo iwalipe wahanga 8 na familia zao dola milioni 2.5. Wanane, kati ya mji mzima, kwa kuwa ndio waliotajwa katika mashtaka. Kuhusu wengine, serikali iliambiwa iwatafute na kuwalipa. Mwaka 2015 wanakijiji wa North Mara, Tanzania, nao walifikia mapatano huko London na wamiliki wa mgodi baada ya kuwashitaki kwa vifo na majeraha. Njia ni ndefu mno, na ni aibu kwamba inapita nje ya nchi. Ila hata kwenye mlango wake huombwa jina, tarehe na mahali.

Wakili ni ghali, na Kindu ni mbali. Kila baraza la mawakili linapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure, na asiye na uwezo anaweza kuomba apewe wakili bila malipo, akiwa na cheti cha umaskini kutoka ofisi ya mambo ya jamii. Mbele ya mahakama ya amani kuna pia watetezi wa mahakama, ambao bei yao ni nafuu. Tena mahakama zinaweza kusafiri: kikao cha forene huja hadi kijijini, kwa kawaida mashirika yakilipa nauli. Sosiete sivil ya Kasongo na ya Kabambare iombe vikao hivyo kwa barua yenye orodha ya kesi zilizokwama, maana wafadhili huenda palipo na orodha.

Na kabla ya siku ya maandamano, likelemba yenu itenge fungu moja lisiloguswa kwa arusi wala kwa msiba: nauli ya mtu mmoja hadi Kindu na kurudi, yuniti za simu, unga na maharage kwa watakaokuwa ndani, kwa sababu jela zetu hazilishi mtu akashiba. Watu wawili washike pesa, wa tatu ashike daftari. Huyo wa tatu asiandamane.